Upande wa Chini wa Jani

Akiingia kwa nyumba ya mtu, Mpambaji hakuangalia kuta kwanza. Alitafuta pa kukaa. Alikaa kwa kila kiti kilichokuwa humo, hata stuli ya jikoni, hata ukingo wa kitanda kama ameruhusiwa, na kila mahali alikaa kimya mpaka wenye nyumba wakaanza kuangaliana. Kisha akauliza swali lake, lile moja.

"Ukipigiwa simu ya habari mbaya, huwa unakaa wapi?"

Watu walicheka. Mama mmoja alimwambia, "Madam, si nimekuita juu ya mapazia? Sijakuita matanga." Yeye hakucheka naye. Alingoja. Na mwishowe kila mtu alijikuta ananyoosha kidole: pale karibu na dirisha, pale mwisho wa kochi. Mwanaume mmoja mwenye mashamba makubwa ya mahindi alionyesha choo. Kazi ilianzia hapo. Alisema ukitaka chumba kimpumzishe mtu, anza mahali anapoumia halafu uende ukitoka nje. Wapambaji wengine huanza mlangoni, ndiyo maana nyumba zao zinafurahisha wageni peke yao.

Sitaandika jina lake. Wafanyakazi walimwita Madam, mimi nilimwita Auntie, na hapa nitamwita Mpambaji kwa sababu ndiyo kazi aliyofanya Kitale miaka yote niliyomjua: kupamba nyumba za watu ndani. Kwetu hatajwi. Mama yangu akiona mtu anakaribia kumtaja, anainuka kwenda kuangalia kitu jikoni hata kama hakuna kitu kwa jiko. Mimi si mtu wa kuongea. Darasani mwalimu akiniuliza swali, jibu nalijua lakini linakwama kooni mpaka aulizwe mwingine, kwa hivyo huwa naandika. Na hii naiandika kwa sababu nimeshindwa kujua kama yule mama alitukosea au alitusaidia, na kila nikifunga shule nikirudi nyumbani, kitu cha kwanza ninachoangalia ni uso wa mama yangu, nione kama jibu limefika.

Studio yake ilikuwa nyumba ya zamani ya mbao, upande wa mji unaoteremka kuelekea Kipsongo. Mbele kulikuwa na chumba cha kupokea wateja. Katikati palikuwa karakana ya viti, na harufu ya gundi na mbao mbichi. Nyuma kabisa ndiyo bustani. Mteja mgeni akiuliza vitabu vya mitindo, vile vya picha za nyumba za Nairobi, alitolewa nje moja kwa moja, akakanyaga matope na viatu vyake vizuri.

"Vitabu vyangu viko huku," Mpambaji alimwambia. "Chagua."

Haikuwa bustani ya kupigia picha. Kulikuwa na ua wa michongoma, mimea ya matunda damu, malenge yaliyotambaa mpaka juu ya paa la choo, mparachichi mzee, na majani mengine ambayo hata yeye hakujua yanaitwaje. Palizi alifanya nusu tu. Alitaka aone vile vitu vinavyojipanga vyenyewe kabla mtu hajaviingilia. Ule uzi wa malenge unaojikunja ukitafuta pa kushika, aliuchonga kwenye mikono ya viti, na ukikaa unakuta vidole vyako vimeufuata bila wewe kujua. Ule mfereji wa katikati ya jani la mgomba aliuweka kwenye migongo ya makochi, ati uti wa mgongo wa mtu upate pa kulala. Ukiangalia hungeona jani. Ungeona kochi tu, kisha ukikaa hutaki kutoka.

Rangi za kuta alizitoa upande wa chini wa majani. Alinigeuzia jani la mparachichi mara ya kwanza nikiwa bado mdogo, akaniweka nalo juani. Juu lilikuwa kijani kibichi kinachong'aa. Chini lilikuwa na kijani kingine, kimefifia, kama kimepuliziwa vumbi.

"Juu ni ya jua na watu wanaopita," alisema. "Huku chini ni kwa jani lenyewe. Sasa nyumba unataka iwe ya nani?"

Mwenye duka la rangi mjini alikuwa akimwona tu anaingia, anashika kichwa. Siku moja nilimsindikiza. Alitoa pochini jani la malenge lililofungwa kwa gazeti, na nusu yake ilikuwa imegeuka rangi.

"Nichanganyie hii."

"Madam, si uchague kwa kadi kama watu wengine? Hapa kwa kadi kuna rangi zote za dunia."

"Hii haiko."

"Haiko kwa sababu imeoza, bana!"

"Ndiyo. Nataka vile inaoza. Si huku imemaliza. Hapa, inapoanza."

Jamaa alichanganya huku akinung'unika, akapaka kwa kadibodi, akakataliwa, akachanganya tena. Tulitoka na rangi ambayo siwezi kuieleza, manjano yenye huzuni kidogo. Ilikuwa ya chumba cha mzee mmoja aliyekuwa hapati usingizi. Baadaye binti wa huyo mzee alikuja studio kusema kwamba baba yake sasa analala mchana huko ndani, mdomo wazi. Mpambaji aliufurahia huo mdomo wazi kuliko sifa yoyote niliyosikia akipewa. Aliurudia wiki nzima. "Mdomo wazi, jamani!"

Baada ya chakula cha mchana mlango wa studio ulifungwa, na kila mfanyakazi akalala chali juu ya mazulia ya kuonyesha wateja. Hiyo ilikuwa sheria. Alisema mtu aliyechoka atashona kiti kinachochosha, na mteja atachoka miaka kumi bila kujua kwa nini. Lakini yeye mwenyewe hakulala. Alikula amesimama dirishani, sahani mkononi, akiangalia bustani kama mtu anayengoja mgeni. Mimea aliisalimia kwa adabu, wafanyakazi aliwafokea. Fundi wa viti, kijana mcheshi wa upande wa Bungoma aliyekuwa akiishi Kipsongo na ambaye r na l zilimpiga chenga, alikuwa akisema, "Madam anaongea na maua vizuri kuriko sisi. Mimi nitajipanda huko nyuma, nimwagiriwe maji."

Mpambaji aliwahi kumfumulisha kochi zima kwa sababu ya mshono uliopinda chini kabisa.

"Nani ataona hapo, Madam?"

"Mtoto. Watoto ndio hukaa chini ya viti."

Fundi alifumua. Alilalamika kutwa, akafumua vizuri.

Na hakugusa kitu cha mtu bila kuuliza. Hili nataka lieleweke, kwa sababu ya yale yatakayofuata. Maua ya plastiki aliyachukia kama nyoka, lakini nyumba moja aliambiwa yaliletwa na marehemu shangazi, akayaosha moja moja kwa mswaki na sabuni, akayapa mahali pazuri kuliko pote. Kuta za watu wetu zina kalenda za miaka iliyopita, zenye picha za ng'ombe na maporomoko ya maji, na wapambaji wengine huzing'oa siku ya kwanza. Yeye alisimama mbele ya kila moja. "Hii inakaa ama inaenda?" Mama mmoja alijibu kwamba ile ya ng'ombe inakaa, kwa kuwa mwaka huo ndio walihamia. Basi ukuta mzima ukapangwa kufuata ng'ombe.

Yeye alikaa chumba kimoja nyuma ya studio, kilichojengwa kwa mbao kama studio yenyewe. Nilikiona mara moja, mama aliponituma. Nilidhani nitakuta maajabu. Nilikuta kitanda, meza, redio isiyo na betri na kiti kimoja kilichosukumwa kwenye ukuta ambao haukuwahi kupakwa rangi. Hakukuwa na pazia, gunia tu. Nilikuwa nimetembea, nikataka kukaa.

"Usikae hapo!"

Hakuwahi kunifokea kabla ya siku hiyo wala baada yake. Nilirudi nyumbani nikilia, na mama akaniambia nisimjali, ati watu wa kazi za mikono huchoka vichwa.

Mama na yeye walikuwa marafiki kabisa. Mama alikuwa akifuma vitambaa vya makochi, vile vya kuwekwa mgongoni na kwa mikono ya kiti, na Mpambaji ambaye alivikataa vya kila mtu alivikubali vyake. Alimletea maua ya bustani, mama akayatazama, akayafuma. Walikaa sebuleni kwetu wakinywa chai ya tangawizi kutoka kwa themosi ya Mpambaji, maana alisema chai ya mama ni maji ya kuoshea vikombe. Mama alimjibu kwamba mwanamke ambaye hana hata pazia asimfundishe nyumba. Nilipenda kukaa karibu nao. Hawakuniuliza maswali.

Halafu ndugu yangu mkubwa, Brayo, alianguka na pikipiki akitoka Kamukuywa, ambako ndiko kwetu kwa asili, akirudi Kitale, na hakuamka.

Wakati wa maombi ya jioni viti vyetu vyote vilitolewa nje, waombolezaji wapate pa kukaa, kama inavyofanywa. Tulipomaliza mazishi, majirani walivirudisha ndani kwa nia njema, kila kimoja mahali pasipo pake. Mama, ambaye wiki hiyo hakuwa ameinua hata kikombe, aliinuka akasukuma kile kiti cha mtu mmoja mpaka kikarudi chini ya dirisha. Kilikuwa kiti cha Brayo. Na ukutani, juu yake, palikuwa na doa lake. Brayo alikuwa akipaka nywele mafuta mengi, halafu anaegemea hapo na simu yake jioni nzima, miaka na miaka, mpaka ukuta ukapata mviringo mweusi wa ukubwa wa kichwa. Mama alikuwa amemgombeza juu ya hilo doa tangu shule ya msingi. "Ukuta wangu, Brayo! Si uvae kofia?"

Sasa aliweka stuli mbele ya hilo doa. Alikaa akitazamana nalo kama watu wawili wanaongojeana kuanza kuongea. Sindano ya kufumia ilibaki imedungwa kwenye kitambaa kilichofika nusu. Hakupika, hakuenda kanisani. Nikitoka shule namkuta, nikiamka namkuta. Nilianza kuogopa kwamba siku moja ataingia huko kwa ukuta kabisa, nibaki na baba.

Baba anauza mahindi Moi's Bridge na siku nyingi hulala huko. Ndiye alienda studio. Nilikuwa naye.

"Madam, mtengenezee kitu," alisema. "Chochote. Nikirudi, naogopa kufungua mlango wangu mwenyewe. Nyumba imekuwa mochari."

Mpambaji alikuja. Alikaa kwa viti vyote kama kawaida yake, ila kile cha Brayo hakukikalia. Alisimama nyuma ya mama muda mrefu, akimwangalia akiangalia. Lile swali lake hakuliuliza. Mama hakugeuka. Nilifikiri ameelewa. Nilifikiri yeye kati ya watu wote ataelewa.

Baba alitupeleka Kamukuywa kwa bibi, mama apate hewa, ndivyo alivyosema. Tuliporudi, Mpambaji alikuwa jikoni kwetu na themosi yake, ametungoja. Sebule ilikuwa imepakwa yote ile rangi ya upande wa chini wa jani la mparachichi. Mwanga wa dirishani uliingia ukatulia, na hata mimi nilihisi mabega yangu yanashuka. Kilikuwa chumba kizuri kuliko vyote alivyowahi kufanya. Kiti cha Brayo kilikuwa mahali pake. Ukuta juu yake ulikuwa safi.

Mama alitembea mpaka pale. Akaweka kiganja ukutani, akakisogeza polepole, juu, chini, kama anayetafuta swichi kwenye giza.

"Kiko wapi?"

"Nini, mama?" baba akauliza.

"Kichwa chake."

Mama akaweka pua ukutani, akanusa. Akanusa tena, mahali pengine. Hapo ndipo alianza kulia, kilio ambacho hakulia hata kaburini, na baba akamshika, na yeye akawa anasukuma baba anarudi ukutani. Mpambaji alisimama mlangoni mwa jikoni. Mama alipopata sauti alimwambia, "Toka. Toka kwangu, na usikanyage hapa tena." Akatoka. Themosi ilibaki mezani, na hakuna aliyeifungua mpaka chai ikaharibika ndani.

Kilichonisumbua si doa peke yake. Ni kalenda. Mtu anayeuliza juu ya kalenda ya ng'ombe, anapakaje kichwa cha mtu rangi bila kuuliza? Nilijaribu kuamini kwamba hakuliona, kwamba ni fundi. Halafu likizo fulani nilikutana na fundi wa viti sokoni, siku hizi anatengeneza vitanda huko huko Kipsongo, na kwa mara moja maishani mwangu niliuliza kitu.

"Wewe ndiwe ulipiga msasa pale kwetu?"

Aliacha utani wake. "Ukuta wote niripiga mimi. Hapo tu ndiyo ariniambia toka. Nikamwambia, Madam, hapa kuna mafuta, langi haitashika. Akaninyang'anya msasa. Ariosha na sabuni kwanza, porepore, kama mtu anaosha mtoto. Sikuangaria sana. Niritoka nje."

Kwa hivyo alijua. Nilienda na hilo shuleni, nikakaa nalo muhula mzima.

Shule yangu ya sasa iko Bungoma, ya bweni. Wakati huo Mpambaji naye alikuwa amehamia Bungoma, kwa kaka yake. Magoti yalikuwa yamekataa, kifua kilikuwa kibaya, na aliyemkodisha studio aliuza ploti. Nilipita hapo studio wakati wa likizo. Mparachichi umekatwa, malenge yamefukiwa na kumemwagwa simiti, magari yanaegeshwa. Kwenye pembe moja majani fulani yalikuwa yanajaribu kutoka kwenye ufa. Niligeuza moja nikaangalia chini yake. Lilikuwa na mafuta ya gari.

Mwisho wa likizo iliyopita nilikuwa nafunga sanduku la kurudi shule. Mama aliingia na ile themosi, imeoshwa mpaka inang'aa.

"Mpelekee yule mama chupa yake," alisema, akiangalia dirishani. "Isikae hapa kama ya wizi."

Niliishika, nikasikia ni nzito. "Mama, ina kitu."

"Kwani wewe umewahi kuona nikirudisha chombo cha mtu kikiwa kitupu? Ni chai. Ya tangawizi. Mwambie ni maji ya kuoshea vikombe." Akaenda jikoni kuangalia kitu ambacho hakikuwako.

Nilifika Bungoma mchana. Nyumba ya kaka yake iko nyuma ya soko, ya matofali, na yeye amepewa chumba cha pembeni. Alikuwa amekonda. Mikono ile iliyokuwa ikipapasa mbao kabla ya kuzikata ilikuwa imelala mapajani kama vitu alivyowekewa na mtu mwingine. Nje ya dirisha hapakuwa na jani hata moja, ni ukuta wa jirani.

"Umekuwa mrefu," alisema. "Bado huongei?"

Nilimpa themosi. Mkono wake ulishuka kidogo na ule uzito, akanitazama.

"Ina nini?"

"Chai. Mama ameweka. Amesema ni maji ya kuoshea vikombe."

Hakuifungua. Aliiweka mapajani akaishikilia kwa mikono yote miwili kama watu wanavyoshika chupa ya maji moto wakiwa wagonjwa. Nikatafuta pa kuangalia, ndipo nikaona ukuta nyuma yake. Matofali kila mahali, ila nyuma ya kiti chake palikuwa na mbao tatu kuukuu, zimepigiliwa wima, hazina rangi. Zilikuwa mbao za kile chumba cha Kitale. Alikuwa amezing'oa akazihamisha. Na katikati yake, juu kidogo ya kichwa chake, kulikuwa na mviringo mweusi.

Aliniona nimeona.

"Mume wangu, marehemu, alikuwa akiegemea hapo," alisema. "Akisikiliza ile redio. Wewe ulitaka kukaa, nikakufokea. Ulilia?"

"Nililia."

"Pole." Alikohoa, akangoja kifua kitulie. "Watu wanafikiri kitu kama hiki kinakuwekea mtu wako aliyekwenda. Hakiweki. Nimekiangalia hiki miaka, nikikaa namna ile mama yako alikaa, mpaka sura yake ikapotea. Nikitaka kumkumbuka sasa, naona mbao. Nimebaki na mbao. Siku ile nilisimama nyuma ya mama yako, nikaona ameanza. Nikasema, huyu la. Huyu asibaki na ukuta."

"Hukumuuliza," nilisema. Sijui sauti niliitoa wapi.

"Ningemuuliza angekataa."

"Kalenda ulikuwa unauliza."

Nje mtu alikuwa akibishana juu ya gunia la vitunguu, na tulisikiliza hao watu mpaka wakamaliza.

"Kalenda mtu anaweza kukujibu," alisema mwishowe. "Mimi ningeulizwa juu ya hizi mbao, ningejibu nini? Mpaka leo ningesema zikae." Akageuza themosi mkononi, kifuniko kikatazama kwangu. "Nilikosea?"

Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza swali kama hilo. Nilijaribu kusema ndiyo, nikajaribu kusema hapana, na yote mawili yalikuwa kweli na hayakutoka. Kwa hivyo nilimwambia kile nilichokuwa nimekiona tu, nilichokuwa nimeamua kutomwambia mtu.

"Ukuta umeanza kuwa na doa tena."

Alikaa wima. "La nani?"

"La mama. Anakaa kwa kiti cha Brayo sasa. Anafuma akiwa hapo. Akichoka anaegemea, analala."

"Liko pale pale?"

"Chini kidogo. Yeye ni mfupi."

"Na baba yako?"

"Alitaka kupaka rangi. Mama amemwambia akiona brashi karibu na huo ukuta, atalala nje na mahindi yake."

Alicheka kwa pua, kikohozi kikaingilia, nikamshika begani mpaka kikapita. Kisha akaegemea nyuma. Macho yake hayakuwa kwangu tena, yalikuwa kwenye ukuta wa jirani, lakini mkono wake mmoja uliiacha themosi, ukapanda nyuma ya kichwa, ukagusa zile mbao kwa ncha za vidole, kama anavyofanya fundi anayejaribu kama rangi imekauka.